Moto wa Roketi Unasukuma Nini?

Ninyi mnaosoma maneno haya katika karatasi, mkiwa darasani pamoja na mwalimu wenu, someni polepole. Mkikuta neno gumu lipiteni kwanza, huenda nikalieleza mbele.

Somo letu la leo ni juu ya injini ya roketi. Tutaona jinsi inavyokisukuma chombo angani, na jinsi watu wanavyokielekeza chombo hicho mahali pasipo na barabara, wala maji, wala upepo. Nimelichagua somo hili kwa sababu ya swali. Jioni moja nilikuwa nikieleza habari za safari za mwezini, na mzee mmoja katika darasa la watu wazima akanisimamisha. Akasema: "Mwalimu, kasia husukuma maji. Gurudumu husukuma ardhi. Ndege hukata hewa. Sasa huo moto wa roketi, huko kusikokuwa na kitu, unasukuma nini?"

Darasa likacheka. Mimi sikucheka, maana swali hili liliwahi kuwashinda watu wenye vyeo. Mwaka 1920 gazeti moja kubwa la mjini New York lilimdhihaki mtaalamu wa Kimarekani, Bwana Robert Goddard, aliyesema kwamba roketi inaweza kufika mwezini. Gazeti likadai kuwa bwana huyo hajui hata mambo yanayofundishwa katika shule za sekondari, kwa kuwa huko juu hakuna kitu cha kusukuma. Kosa hilo lilikaa miaka 49. Tarehe 17 Julai 1969, watu watatu walipokuwa njiani kwenda mwezini, gazeti likachapisha masahihisho. Bwana Goddard alikuwa amekwisha kufa tangu mwaka 1945. Basi mzee wetu asione haya hata kidogo.

Jibu analo kila mtu aliyewahi kupanda mtumbwi. Mtumbwi umefika karibu na ufuko, lakini haukufungwa. Wewe una haraka, unaruka kutoka ndani yake kwenda nchi kavu. Mtumbwi unafanyaje? Unarudi nyuma. Wewe umekwenda mbele, nao umekwenda nyuma, na pengine umeanguka majini watu wakakucheka.

Sasa geuza mfano huo. Kaa ndani ya mtumbwi, uwe na fungu la mawe. Chukua jiwe moja ulitupe kwa nguvu upande wa tezi. Mtumbwi utasogea kidogo upande wa omo. Tupa la pili, utasogea tena. Jiwe lile halikusukuma maji, wala halikusukuma hewa. Wewe ulilisukuma jiwe, na jiwe likakusukuma wewe. Mwingereza Isaac Newton aliiandika kanuni hii katika kitabu chake cha mwaka 1687: kila kinachosukumwa nacho husukuma, kwa nguvu ile ile, upande wa pili. Aliyewahi kupiga gobore anaijua kanuni hii begani mwake.

Roketi ni mtumbwi wa mawe. Badala ya mawe inatupa moshi wa moto, na kila chembe ya moshi ni jiwe dogo sana. Lakini chembe hizo ni nyingi mno, nazo hutoka kwa kasi ya zaidi ya kilometa 2 kwa sekunde moja. Basi, mzee wangu, moto haumsukumi mtu yeyote huko nje. Unaisukuma roketi yenyewe. Nao hufanya kazi vizuri zaidi pasipo na hewa, kwa sababu hakuna cha kuuzuia kutoka.

Kuna jambo moja la kuongeza. Ukilifunika jiko la mkaa, moto hufa, maana moto huhitaji hewa, na hasa ile sehemu ya hewa iitwayo oksijeni. Huko juu hakuna hewa. Kwa hiyo roketi hubeba mafuta yake na oksijeni yake pia, au dawa nyingine ya kufanya kazi hiyo hiyo. Ndiyo sababu roketi ni kubwa namna ile. Sehemu kubwa ya roketi ni mapipa.

Hebu tazameni roketi ya Kimarekani iliyoitwa Saturn V, iliyowapeleka watu mwezini. Urefu wake ulikuwa kama meta 110, na uzito wake ukiwa imejaa ulikuwa karibu tani 2,900. Injini zake tano za chini zilichoma mafuta ya taa, ndugu ya haya tunayotia katika kandili, pamoja na oksijeni iliyogeuzwa kuwa maji kwa baridi kali. Zilikula karibu tani 13 kwa sekunde moja. Kabla hujamaliza kusema "bismillahi", lori zima limekwisha. Injini hizo zilifanya kazi chini ya dakika tatu tu, kisha sehemu yote ya chini ikaachwa ianguke baharini, maana pipa tupu ni mzigo wa bure. Ikaja sehemu ya pili, kisha ya tatu. Katika tani zote hizo, kilichorudi duniani mwisho wa safari ni kibanda cha tani 5 hivi.

Wasikilizaji wa mwambao wa Kenya wataniambia kwamba hata kwao roketi zimeruka, nao wanasema kweli. Waitaliano waliweka jukwaa la chuma baharini karibu na Malindi, wakaliita San Marco. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya sikukuu ya uhuru wa Kenya, roketi iitwayo Scout ilipaa kutoka hapo ikiwa na chombo kilichopewa jina la Uhuru. Walichagua mahali hapo kwa sababu ni karibu na ikweta, ambako dunia inazunguka kwa kasi kubwa kuliko penginepo, karibu kilometa 1,670 kwa saa kuelekea mashariki. Roketi inayorushwa kuelekea mashariki hupewa mwendo huo bure kabla ya kuchoma hata kibaba kimoja cha mafuta. Lakini mafuta ya Scout yalikuwa makavu, kama baruti ya fataki. Ukiyawasha, huwezi kuyazima mpaka yaishe. Leo nataka kusema juu ya injini za mafuta ya maji, zenye koki za kufungua na kufunga. Hizo ndizo zinazomwezesha nahodha wa angani kuongoza chombo.

Watu wengi hudhani kwamba roketi huchoma mafuta njia nzima, kama lori linalotoka Dar es Salaam kwenda Dodoma. La, sivyo. Lori lazima lichome mafuta njia nzima kwa sababu barabara na hewa vinalizuia. Ukizima injini, litasimama. Huko juu hakuna cha kulizuia gurudumu, wala gurudumu lenyewe halipo. Ukikipa chombo mwendo, kinabaki nao. Injini huwashwa kwa dakika chache au kwa sekunde chache, kisha huzimwa, na chombo huendelea chenyewe kwa saa nyingi, au kwa siku, kama jiwe lililotupwa. Mvutano wa dunia na wa mwezi ndio hulipinda jiwe hilo njiani.

Kwa hiyo kuongoza chombo angani ni kujua mambo matatu: uwashe lini, uelekee wapi, na uzime baada ya sekunde ngapi.

Usukani haufai kitu. Usukani wa jahazi hufanya kazi kwa sababu maji yanausukuma. Angani, ukitaka kwenda kulia, lazima utupe moshi kushoto. Ukitaka kupunguza mwendo, ugeuze chombo mpaka mkia uwe mbele, ndipo uwashe. Na hata kugeuka kwenyewe kunataka injini ndogo ndogo zilizopachikwa ubavuni, kila moja ikitema moshi kidogo.

Tena mambo ya huko yanaweza kumdanganya hata mtu hodari. Mwezi wa Juni 1965 rubani James McDivitt, akiwa katika chombo kilichoitwa Gemini 4, aliamriwa akikaribie kipande cha roketi yake mwenyewe kilichokuwa kikielea karibu naye. Alifanya kama ambavyo mimi na wewe tungefanya. Alikielekea kipande kile akawasha injini. Kila alipowasha, kikazidi kumtoroka. Kwa nini? Kitu kinachozunguka dunia kinaanguka daima. Huenda kwa kasi ya kilometa 28,000 hivi kwa saa, na kwa kuwa dunia ni mviringo, kinaanguka bila kuifikia ardhi. Ukikiongezea mwendo, kinapanda juu, na huko juu mzunguko ni mrefu na wa polepole zaidi, kwa hiyo kinachelewa. Ukikipunguzia mwendo, kinashuka, na huko chini kinakwenda upesi. Mtu anayetaka kumfikia mwenzake aliye mbele hupunguza mwendo kwanza! Bwana McDivitt alitumia mafuta mengi, akaambiwa aache. Baada ya hapo marubani wenzake waliisoma hesabu hiyo barabara.

Sasa nitawasimulieni safari moja, maana ndani yake mtaiona kazi yote ya kuwasha na kuzima, na maisha ya watu watatu yalikuwa juu yake.

Safari hiyo ni Apollo 13. Ilianza usiku wa Jumamosi tarehe 11 Aprili 1970, saa 4 na dakika 13 kwa saa zetu za Afrika Mashariki. Ilitoka Florida, Marekani. Ndani walikuwamo Jim Lovell, ambaye ndiye mkuu wao, Jack Swigert na Fred Haise. Tangu mwanzo kulikuwa na ishara. Injini moja katika tano za sehemu ya pili ilitikisika vibaya, ikajizima dakika mbili kabla ya wakati wake. Je, safari iliharibika? Haikuharibika. Mtambo wa kuhesabu, yaani kompyuta, uliziacha injini nne zilizobaki zichome kwa sekunde 34 zaidi, na sehemu ya tatu ikaongeza sekunde 9. Roketi haijali ni injini ngapi zimefanya kazi. Inajali kama mwendo unaotakiwa umepatikana.

Walipokwisha kuizunguka dunia, injini ya sehemu ya tatu iliwashwa tena kwa karibu dakika 6. Mwendo ukafika karibu kilometa 39,000 kwa saa. Kisha kimya. Safari ya kwenda mwezini ilikuwa imekwisha kulipiwa.

Mwanzoni walikuwa katika njia ambayo ningeiita njia ya kurudi bure. Katika njia hiyo, msafiri asipofanya lolote, mwezi utakizungusha chombo nyuma yake na kukirudisha duniani. Lakini njia hiyo haikufaa kwa mahali walipotaka kushuka mwezini. Siku ya pili wakawasha injini kubwa kwa sekunde tatu na nusu hivi, wakatoka katika njia hiyo. Kumbukeni sekunde hizo tatu na nusu.

Asubuhi ya Jumanne tarehe 14 Aprili, saa 12 na dakika 8 kwa saa zetu, pipa moja la oksijeni lilipasuka. Walikuwa karibu kilometa 320,000 kutoka nyumbani.

Chombo chao kilikuwa na sehemu tatu. Ya kwanza ni kibanda walimokaa, kilichoitwa Odyssey. Ya pili ni ghala nyuma ya kibanda, lenye mapipa na injini kubwa. Ya tatu ni chombo cha kushukia mwezini, kilichoitwa Aquarius, kilichofungwa puani. Ghala ndilo lililopasuka. Oksijeni ikavuja yote, na pamoja nayo umeme wa Odyssey ukafa, kwa kuwa ulitengenezwa kwa oksijeni hiyo. Wakahamia ndani ya Aquarius. Aquarius kilijengwa kwa watu wawili kwa siku mbili hivi. Sasa ilibidi kiwatunze watu watatu kwa karibu siku nne.

Tena hawakuwa katika njia ya kurudi bure. Kwa zile sekunde tatu na nusu, njia yao sasa ingewazungusha mwezi na kuwaleta karibu na dunia, lakini si duniani. Wangepita pembeni kwa maelfu ya kilometa.

Wengine walitaka wageuke papo hapo kwa injini kubwa. Bwana Gene Kranz, aliyekuwa akiongoza zamu ya wataalamu huko Houston, alikataa. Injini kubwa ilikuwa nyuma ya ghala lililopasuka, na hakuna aliyejua hali yake. Mimi naona huo ulikuwa uamuzi mkubwa kuliko yote ya safari ile. Njia fupi ilikuwapo, naye akachagua njia ndefu ya kuuzunguka mwezi, kwa kutumia injini ambayo aliiamini. Injini hiyo ilikuwa ya Aquarius, iliyotengenezwa kwa ajili ya kushuka mwezini. Ilichoma maji mawili ambayo huwaka yenyewe yanapokutana, bila kiberiti. Fungua koki mbili, na moto umewaka.

Saa 5 na dakika 42 asubuhi kwa saa zetu, siku ile ile ya Jumanne, Bwana Lovell aliiwasha. Kazi haikuwa nyepesi. Aquarius sasa kilikuwa kikisukuma Odyssey na ghala lake, mzigo mzito uliokufa. Ninyi mnaopanda baiskeli mnajua. Baiskeli tupu huigeuza kwa kidole, lakini ifungie gunia mbili za mkaa nyuma, ni baiskeli nyingine kabisa. Bwana Lovell ilimbidi ajifunze upya jinsi chombo chake kinavyogeuka. Injini ilichoma kwa sekunde 34 hivi, ikabadili mwendo wao kwa meta 11 na nusu kwa sekunde, sawa na basi linalopita mjini. Hiyo ilitosha. Walikuwa wamerudi katika njia ya kuwafikisha duniani.

Duniani, lakini wapi? Kwa njia hiyo wangeangukia katika Bahari ya Hindi, hii hii yetu. Lakini meli za kuwaokoa zilikuwa zimetayarishwa katika Bahari ya Pasifiki. Tena maji na umeme wa Aquarius vilikuwa vichache, na kila saa waliyoipunguza ilikuwa na thamani. Basi ilipangwa wawashe tena baada ya kupita nyuma ya mwezi. Palikuwa na shauri la kulitupa ghala na kuchoma karibu mafuta yote, ili wafike zaidi ya siku nzima mapema. Shauri hilo lilikataliwa. Ghala lililifunika tako la Odyssey, yaani ngao ya kuzuia moto wa kuingia duniani, na hawakutaka ngao hiyo ikae uchi katika baridi. Tena, wangekosea njia wangesahihisha kwa mafuta gani?

Kabla ya kuwasha, nahodha lazima ajue anaelekea wapi. Kwa kawaida walitazama nyota. Lakini mlipuko ulitapanya vipande vidogo pande zote, navyo vilimeta juani kama nyota. Nyota za kweli hazikujulikana katika nyota za uongo. Houston wakasema, tazameni jua, maana jua halina mwenziwe. Bwana Lovell akaiamuru kompyuta igeuze darubini mahali inapodhani jua lipo. Jua likaonekana humo. Kosa lilikuwa chini ya digrii moja.

Jumatano tarehe 15 Aprili, saa 11 na dakika 40 alfajiri kwa saa zetu, injini ikawashwa kwa dakika 4 na sekunde 24. Haikufunguliwa yote mara moja. Kwanza sehemu moja ya kumi ya nguvu zake kwa sekunde 5, kisha sehemu nne za kumi kwa sekunde 21, ndipo ikapewa nguvu zote. Msukuma mkokoteni hufanya vivyo hivyo. Huanza taratibu, akiisha kuona haukimbilii upande, ndipo anapotia nguvu za mwili mzima. Mwendo ukabadilika kwa meta 262 kwa sekunde. Safari ikapungua kwa saa 10 hivi, na mahali pa kuangukia pakahama kutoka Bahari ya Hindi mpaka Pasifiki ya kusini.

Baada ya hapo walizima karibu kila kitu ili kuokoa umeme, hata kompyuta ya kuongoza. Ndani kukawa baridi kali, kuta zikatoka jasho la maji. Bwana Haise akashikwa na homa.

Kisha Houston wakaona jambo. Njia ilikuwa ikiteleza. Chombo kinachorudi kutoka mwezini lazima kiiguse hewa ya dunia kwa pembe ya digrii 6 hivi. Kikiinama sana, kitapigwa na hewa kwa nguvu kiteketee. Kikiinama kidogo mno, kitaipita hewa juu juu na kutoka tena, kama kigae kinachorukaruka juu ya maji. Aquarius kilikuwa kikielekea huko kwenye kurukaruka. Sababu yake ilijulikana baadaye: mtambo wa kupoza Aquarius ulikuwa ukitoa mvuke nje, kidogo kidogo, saa kwa saa. Mvuke tu! Lakini mvuke nao ni jiwe linalotupwa kutoka mtumbwini.

Hapa chukueni kalamu tufanye hesabu. Safari ya kurudi kutoka mwezini tuseme ni saa 60. Saa moja ina sekunde 3,600. Saa 60 mara sekunde 3,600 ni sekunde 216,000. Ukikosea mwendo kwa meta 1 tu kwa sekunde, kwa hesabu nyepesi utakuwa umepotea meta 216,000, yaani kilometa 216. Meta moja kwa sekunde ni mwendo wa mtoto anayetumwa dukani bila kutaka. Kwa sababu hiyo wanaanga husahihisha mapema, mbali bado, kwa mafuta kidogo. Ukingoja ufike karibu, mafuta yote hayatoshi.

Alhamisi tarehe 16 Aprili, saa 1 na nusu asubuhi kwa saa zetu, walisahihisha bila kompyuta. Katika dirisha la Aquarius mlikuwa na mistari miwili iliyokatana kama msalaba. Dunia ilionekana mbele yao, nusu yake gizani, kama mwezi mwandamo. Bwana Lovell aliziweka pembe mbili za mwandamo huo juu ya mstari mmoja. Zikikaa hapo, chombo kimeelekea sawa. Wakagawana kazi. Lovell alizuia chombo kisiyumbe upande huu, Haise akakizuia kisiyumbe upande ule, na Swigert akashika saa yake ya mkononi ahesabu. Injini ikawashwa kwa nguvu ya sehemu moja ya kumi. Sekunde 14. Swigert akasema zima, wakazima.

Njia ikawa nzuri. Haikuwa kamili, maana mvuke uliendelea kutoka, na saa 9 na dakika 53 alasiri ya Ijumaa waliwasha tena zile injini ndogo za ubavuni kwa sekunde 22 hivi. Kisha walilitupa ghala. Ndipo walipoliona kwa mara ya kwanza, likielea mbali nao, ubavu wake mmoja umeng'oka wote. Mwishowe wakarudi katika Odyssey, wakakiaga Aquarius, wakakiacha.

Ijumaa tarehe 17 Aprili 1970, saa 3 na dakika 7 usiku kwa saa zetu, Odyssey kiliangukia majini katika Pasifiki ya kusini upande wa Samoa, huku kimeshikiliwa na miavuli mitatu, kilometa 6 na nusu kutoka kwenye meli iliyokuwa ikikingoja. Watu wote watatu wazima. Aquarius, kisichokuwa na ngao, kiliungua hewani, na mabaki yake yakazama katika bahari ile ile.

Tangu pipa kupasuka mpaka kuanguka majini zilipita saa 87. Jumlisheni wenyewe sekunde ambazo injini ziliwaka kuwarudisha: 34, na 264, na 14, na 22. Mtapata sekunde 334, yaani dakika 5 na sekunde 34. Muda uliobaki chombo kilikuwa kikielea kimya.

Nilipomaliza kusimulia haya darasani, mzee wetu akanyoosha mkono tena. "Sawa, Mwalimu, nimekubali habari ya mtumbwi. Sasa breki? Walikuja kwa mwendo wa ajabu. Walisimama kwa injini ipi?"

Hawakuwa na injini ya kusimamia. Kuupunguza mwendo ule kwa moto kungetaka mafuta mengi mno, ambayo nayo yangetaka mafuta mengine ya kuyabeba tangu mwanzo. Breki yao ilikuwa hewa. Odyssey kilitanguliza tako lenye ngao, hewa ikalizuia, ngao ikaungua kidogo kidogo na kuondoka na joto, mpaka mwendo ukawa wa kufunguliwa miavuli. Mzee akatikisa kichwa, akasema kumbe hewa imepata kazi mwishoni. Ndivyo ilivyo.

Kazi ya nyumbani ni hii. Anayekaa karibu na ziwa au bahari ajaribu mtumbwi na mawe, mahali pa maji machache, na asiwe peke yake. Anayekaa mbali na maji apulize puto la watoto, aliachie bila kulifunga, atazame linakokwenda na hewa inakotokea. Andikeni mistari mitano juu ya mlichokiona, mpeni mwalimu wenu aisahihishe. Juma lijalo, Mungu akipenda, tutazungumza juu ya miavuli. Kwaherini.